Uji wa Simu

Kama unasoma haya ukiwa umeketi kitandani, mgongo ukutani, kwa sababu ukilala tu maji machachu yanakupanda mpaka puani, basi wewe ndiye niliyekuwa nakuwaza. Nami niliketi hivyo, mwaka na zaidi. Niliacha shule darasa la sita nikafuata magari ya mizigo, kwa hiyo sitakufundisha namna tumbo linavyotengeneza tindikali wala mlango wake unavyolegea. Hayo mwulize daktari, tena mwulize mpaka akuchoke. Mimi ndivyo nilivyofanya. Nitakueleza tu jinsi tulivyoishi na moto huo nyumbani kwetu Miyuji, mimi na mama yangu. Tulikuwa nao wawili. Nimebaki mmoja.

Jina langu Damari. Sijawahi kukaa kwenye kazi moja mpaka ikanizoea. Nimekamua alizeti Singida, nimepepeta mahindi Kibaigwa, nimewapikia mafundi Mtumba wakati wizara zinajengwa. Kila nilipochoka nilirudi kwa mama, nikapumzika, nikaondoka tena. Hakuwahi kunifukuza wala kunizuia. Akiniona mlangoni alisema, "Safari hii umekuja na njaa ya wapi?" kisha akasonga ugali wa uwele na kupika mlenda, nikala mpaka nikasahau nilikotoka.

Moto ulinianza Makutupora, msimu wa zabibu za mwanzo wa mwaka. Tulichuma tangu alfajiri na hakuna aliyekula kabla ya mchana. Ulijitafunia zabibu zilizopasuka, zile zisizopokelewa kwenye kreti. Jioni kifua kikawa kinaungua kutoka chembe cha moyo kupanda juu. Nilidhani ni dawa wanayonyunyizia mizabibu. Wenzangu kila mmoja akanipa tiba yake: huyu mkaa, yule mchele mbichi, mwingine magadi. Nikajaribu zote, maana kitu nisichokijua hunisumbua kuliko maumivu yenyewe. Magadi yalinituliza kidogo, kisha moto ukarudi mkali zaidi.

Kiangazi kilipoingia, sauti ilikuwa imekauka. Niliongea kama mtu aliyeshinda kwenye vumbi la kinu. Nikawa nakohoa, meno yanaingia ganzi nikinywa maji, nguo zinanipwaya. Unajua watu wanavyokutazama ukikonda. Nilienda kupima wanachokifikiria, nikapima na kifua kikuu, majibu yakawa mazuri, lakini majibu mazuri hayazuii macho ya watu. Halafu chakula kikaanza kukwama. Tonge la ugali lilisimama katikati ya kifua, haliendi mbele wala halirudi, nami nasimama nalo, nimeshika nguzo ya mlango, machozi yananitoka bila kulia.

Mdogo wangu Elia ndiye aliyenipeleka hospitali. Yeye ni dereva wa ofisi moja huko Mtumba, mtu wa shati lililonyooshwa na saa mkononi, na tangu utotoni amekuwa akinisemesha kama yeye ndiye mkubwa.

"Dada, leo huendi popote isipokuwa hapa," aliniambia kwenye benchi la mapokezi.

"Kwani kuna pa kwenda?"

"Wewe? Wewe hata ukifungwa kamba utauliza kamba imetengenezwa wapi, na ukiambiwa utakwenda kupaona."

Tulikaa benchi lile muda mrefu. Nilijifunza kwamba kwenye chumba cha kusubiri watu hawaulizani magonjwa, wanaulizana wanakotoka, na kutoka hapo mengine yanajulikana yenyewe. Nilipoingia, walinipitisha kooni mpira wenye kamera. Sitakudanganya kuwa ni jambo dogo, ila linaisha upesi kuliko unavyoogopa. Daktari alituonyesha picha kwenye kioo: njia yangu ya chakula ilikuwa na mistari myekundu kama mtu aliyekwaruzwa na miiba, na chini yake palikuwa pameanza kubana.

"Ukifuata dawa, patapona," alisema. "Usipofuata, pataendelea kubana mpaka hata maji yatapita kwa shida. Na dawa hizi si za kumeza siku moja moto ukiwaka. Ni kila siku, miezi."

Elia alinitazama. Wote wawili tulijua sijawahi kufanya kitu kimoja kila siku kwa miezi.

Muuguzi wa kliniki ile, Nesi Zaituni, mama wa makamo kutoka Kondoa, akasema kuna programu ya simu wanayoijaribu kwa wagonjwa wa aina yangu. Elia akanipa simu yake ya zamani ya kupangusa, yenye kioo kilichopasuka kona. Nesi Zaituni akaniwekea programu na kunionyesha. Asubuhi inalia: meza dawa. Nusu saa baadaye inalia tena: umekula? Jioni inakukumbusha usile ukalala palepale. Jumapili inakuuliza maswali kuhusu juma zima. Ukijibu vizuri, kijani. Ukijibu vibaya, njano. Kuna na nyekundu, alisema, ila hiyo tuombe tusiione. Tena kila mgonjwa anaandika msindikizaji, ndugu ambaye simu itamwarifu mambo yakienda vibaya. Tukamwandika Elia.

"Sasa umepata askari," Elia akasema, ametabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Kumbe aliyetengeneza programu ile hakuwahi kulala nyumba kama yetu. Kwetu asubuhi hatuli. Tangu nikiwa mtoto mama huamka, hushika jembe au ungo, na moto wa jikoni huwashwa jua likishapanda. Chakula chenyewe ni cha usiku, watu wote wakisharudi. Siku ya kwanza simu ililia mama akiwa anafagia uwanja.

"Hiyo inalilia nini?"

"Inasema nimeze dawa, halafu nusu saa nile."

"Ule nini? Nani amepika?"

"Haijui kama hatujapika, mama."

"Basi haijui kitu."

Akaendelea kufagia. Lakini kesho yake nilipoamka moto ulikuwa unawaka, sufuria ndogo iko juu, na mama amejifunga kanga mbili kwa baridi ya kiangazi. "Amka," aliniita. "Uji wa simu umeiva."

Tangu siku hiyo ukaitwa hivyo. Aliwaambia majirani kwamba amepata mgeni wa chuma, anataka uji kila asubuhi kama mchungaji wa mtaa. Nilicheka, lakini nilijua anaamka saa anayopaswa kupumzika, mtu mzima, kwa ajili yangu. Alinitafutia na matofali ya kuinulia miguu ya kitanda upande wa kichwa, akayapanga mwenyewe, akalala juu yake kuyajaribu. "Nimejisikia kama maiti inayotaka kuinuka," alisema.

Chakula cha usiku kilikuwa shida kubwa zaidi. Mama akakiwahisha, tukawa tunakula jua halijazama. Sasa kwetu mgeni huja jioni, na mgeni akikuta mmeshaosha sufuria hujua mlikula mkiwa mmemkimbia. Haikuchukua muda maneno yakaanza: nyumba ile wamekuwa wachoyo, wanakula mchana kama wezi. Mama hakuwajibu kwamba mwanawe ni mgonjwa. Alisema tu, "Siku hizi nalala mapema." Aliubeba uchoyo ule, yeye ambaye hakuna mtu aliyepita mlangoni kwake bila kupewa hata karanga.

Nikaanza kupona kidogo. Kikohozi kikapungua. Ndipo nilipoanza kumwona.

Asubuhi moja alikuwa ameinama jikoni, mkono kifuani, mdomo umebanwa. Nilimwuliza, akasema, "Ni kiungulia tu. Hiki ninacho tangu mimba yako. Walisema mtoto ana nywele nyingi, na kweli ukatoka na nywele kama mkia wa ndama." Alilamba magadi, akaendelea kukoroga uji. Mimi nikachukua paketi yangu ya vidonge, nikampa kimoja. Alikitazama, akakimeza. Kesho yake simu ilipolia alinyoosha mkono bila kusema. Ikawa siku yake na siku yangu, na siku nyingine sote wawili. Kwetu dawa iliyo ndani ya nyumba ni ya nyumba, kama chumvi. Ningemezaje mbele yake na yeye ameshika kifua?

Simu haikulijua hilo. Yenyewe ilihesabu mtu mmoja. Siku vidonge vilipokwisha, ilikuwa inaniambia bado ninavyo vya kutosha. Nikaenda kliniki, nikasubiri zamu yangu, nikamkabidhi Nesi Zaituni paketi tupu na simu.

"Damari, hapa inasema una dawa, mkononi huna. Nani anakula nyingine?"

"Mama."

Akacheka, kisha akaacha. "Mama ana nini?"

"Kama mimi."

"Nani kasema kama wewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Yeye ni daktari?"

"Ni mama."

Nesi Zaituni alivua miwani. "Sikiliza, mdogo wangu. Wewe umepitishwa kamera, tunajua tunatibu nini. Yeye hatujui. Na hapo mlipofika, wewe una nusu ya dawa na yeye ana nusu ya dawa, hakuna mgonjwa anayetibiwa nyumba ile. Mlete."

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Alikataa, wala si kwa ugomvi. Alisema ugonjwa ungekuwa wa kumuua, ungekuwa umeshamuua zamani, na kwamba mvua imeshanyesha na palizi inamngoja. Akaacha kupokea vidonge vyangu. "Meza wewe, uvimalize," alisema. "Mimi nitaendelea na magadi yangu." Kwa hiyo nilimeza peke yangu masika yote, huku nikitazama pembeni.

Jumapili, simu iliponiuliza maswali yake, nilizoea kuyasoma kwa sauti. Mama hakusoma, lakini alipenda kuulizwa. Alikaa na ungo wake wa karanga akijibu kabla yangu, kama tunategana vitendawili. Je, juma hili umeamka usiku kwa kiungulia? "Kila siku, ndio saa yangu ya kusali." Je, sauti yako imebadilika? "Ya Damari ilikuwa kama ya fisi, sasa imekuwa ya mbuzi." Tulicheka. Nikasoma lililofuata: Je, chakula hukwama kinaposhuka?

"Mimi siku hizi hapana," nikasema, nikabonyeza.

Mama alibangua karanga, akabangua nyingine.

"Mimi ugali ulinikataa tangu palizi," alisema.

Niliinua macho. Nikakumbuka kwamba tangu palizi amekuwa akisema ameonja jikoni, ameshiba harufu, atakula baadaye. Nilikuwa nimemwona akinywa mchuzi wa mlenda, nikadhani ni mapenzi yake. Nilimwomba asimame. Alisimama, akijifanya amechukia, na kanga yake ilikuwa imezunguka kiuno mara mbili na bado ikabaki kipande.

Nikarudi mwanzo wa maswali, nikajibu upya, safari hii kwa niaba yake. Hukwama? Ndiyo. Vitu vikavu tu au na vyepesi? "Vikavu. Na wali siku hizi." Umepungua uzito? Ndiyo. Kioo chote kikawa chekundu. Nenda hospitali sasa. Usisubiri siku ya kliniki yako.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Inakuita."

"Mimi? Imenijulia wapi?"

Haikumjua. Ilikuwa imeita jina langu, na hapohapo ilikuwa imempelekea Elia habari. Akapiga simu, anatweta sikioni mwangu. "Dada, una nini? Umeanguka?"

"Si mimi, Elia. Ni mama."

Alifika kwa bodaboda na shati lake la kanisani, amekasirika kwa hofu. "Umechezea kitu cha hospitali! Nimekuja nikidhani nakuta umekufa!" Mama, aliyekuwa amesimama kati yetu, akasema, "Na mimi nikiwaona nyote wawili nyumbani siku moja nadhani kuna msiba. Mbukwa, mwanangu. Salamu kwanza." Elia akamsalimu. Akamtazama vizuri. Nadhani alikuwa hajamtazama hivyo muda mrefu, sote tulikuwa tumeutazama ugonjwa wangu.

Lakini hata hapo mama hakukubali. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa shambani, na mtu wa kwetu haachi uwele wakati huo, kwa sababu kuna ndege, wale kwelea-kwelea wanaokuja kama moshi. Ukiwaachia asubuhi moja unavuna mabua.

"Ndege hawaendi kliniki," alisema mama. "Nikishavuna, nipelekeni mnakotaka."

"Mama, daktari hangoji uwele," nikasema.

"Na njaa ya mwakani inangoja daktari?"

Elia ndiye aliyevua viatu vyake. Akakunja suruali. "Kombeo liko wapi?"

"La nini?"

"Nitalinda mimi. Nyinyi nendeni."

"Wewe? Ndege watakudhani wewe ni mgeni rasmi, watakaa wakusikilize."

"Watakaa, nitawapiga."

Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, sijui alisemaje, maana wakuu wa ofisi gani wangeelewa habari ya ndege. Nilipoondoka na mama asubuhi, tulimsikia nyuma yetu akipiga debe na kupiga kelele, dereva wa ofisi akifukuza ndege kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia utotoni. Mama aligeuka mara moja tu kumwangalia. "Anarusha kwa mkono mbaya," alisema, lakini alikuwa amefurahi.

Kwenye benchi mama alimsalimu kila aliyepita. Tulikaa karibu na bibi mmoja wa Kihindi, wa familia yenye duka la vitambaa mjini, naye alikuwa na shida ya koo. Alipomwona mama anajaribu kipande cha mkate na kukirudisha kwenye leso, alifungua chupa yake ya chai iliyokuwa na maziwa ya uvuguvugu, akamimina kifunikoni, akampa. Hawakuambizana majina. Mama alikunywa, yakashuka, akaweka mkono juu ya mkono wa bibi yule mpaka alipoitwa. Katika siku zile zote za hospitali, hilo ndilo ninalolikumbuka bila kuumia.

Alipotoka kwenye kamera, daktari alituita. Alianza kusema na mimi. Mama akamkatiza.

"Sema na mimi, baba. Huyu ni mtoto."

"Mama, kuna uvimbe kwenye njia ya chakula. Tumechukua kinyama cha kupima, lakini sitaki nikufiche. Si mzuri. Na umekaa muda."

"Utaondoka?"

"Kuuondoa hatuwezi. Tunaweza kukuwekea mrija ndani, upitishe uji na maziwa. Na Dar es Salaam kuna matibabu ya mionzi, yanaweza kuupunguza."

"Yatapunguza uvimbe, au yatapunguza siku zangu za kukaa nyumbani?"

Daktari alikuwa kijana, lakini alikuwa mkweli. "Pengine vyote viwili, mama."

Nilimwuliza kama vidonge vyangu vilimchelewesha. Alisema dawa zile zinaweza kutuliza moto na kumfanya mtu adhani amepona huku uvimbe ukiendelea. Hakusema kwamba kwa mama ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi kumwuliza siku nyingine, akajibu maneno yaleyale. Mimi ni mtu wa kuuliza mpaka mwisho, lakini swali hilo nimeliacha lilipo, kwa sababu nimeona halina mwisho.

Majibu ya kinyama yalipotoka yalisema alichosema daktari. Elia alitaka Dar es Salaam. Mama alitaka mrija na nyumbani. Mimi nikasema tumsikilize mama, na Elia akanigeukia uwanjani, mbele ya uwele uliovunwa, akasema, "Wewe umezoea kuondoka, ndiyo maana unaona rahisi kumwacha mtu aende."

Tulipura uwele ule siku nzima, yeye huku, mimi kule, fimbo zetu zikipishana, hatusemeshani. Mama alikaa mlangoni akitutazama. Jioni alisema, "Mnapiga vizuri mkinuniana. Nuneni mpaka magunia yajae." Elia alicheka kwanza, kisha akakaa chini palepale kwenye makapi na kulia. Tangu siku hiyo akawa analeta maziwa kila anapotoka kazini, na hatukuongelea Dar es Salaam tena.

Mama aliwekewa mrija. Nesi Zaituni alijaribu kumwandikisha kwenye simu yangu, apate naye kengele zake, dawa za maumivu na saa za kunywa. Programu ikakataa: namba moja, mgonjwa mmoja. Nikamwambia nesi, waambieni waliotengeneza kwamba huku simu ni moja na nyumba ni moja. Akaandika. Baadaye niliona wameongeza swali siku ya kwanza ya kujiandikisha, linauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye shida kama yako. Sijui kama ni kwa sababu yetu. Kama umepewa programu ya namna hiyo, na haikuulizi hivyo, jiulize wewe. Angalia nani anasema ameonja jikoni. Ikikuonyesha kijani, furahi, lakini kijani ni chako peke yako. Na usimgawie mtu kidonge chako kwa huruma. Huruma yako iwe kumsindikiza mpaka kwenye benchi, ukae naye.

Kuhusu mimi, nilipona. Ni neno gumu kuliandika. Asubuhi simu ililia, nikameza. Sasa niliyekoroga uji nilikuwa mimi, wa vikombe viwili, cha kwangu mzito na cha mama mwepesi kama maji. Kila juma nguo zilinikaa vizuri zaidi, na kila juma za mama zilimlegea. Sauti yangu ilirudi wakati yake inakwenda. Kuna siku nilitamani kumeza vidonge vile nikiwa nimejificha nyuma ya nyumba, nisimwonyeshe kwamba vinafanya kazi. Alikuwa ananiita: "Damari, kengele yako." Akiwa na maumivu, akiwa na homa, kengele yangu hakuisahau.

Zabibu za kiangazi zilipoanza kuchumwa, nilipitishwa kamera mara ya pili. Mistari myekundu ilikuwa imefutika, na pale palipobana pamefunguka. Daktari alinipa mkono. Sikukimbia kurudi nyumbani kutoa habari. Nilitembea taratibu, nikizunguka, nikiwaza namna ya kumwambia mtu asiyemeza kwamba mimi sasa nameza.

Nilimkuta kwenye mkeka, kwenye jua la mlangoni, maana alikuwa anasikia baridi hata mchana. Mrija ulikuwa umeanza kumkatalia hata maziwa. Hakuniuliza majibu. Alinisoma usoni.

"Pamefunguka," alisema.

"Pamefunguka, mama."

"Songa ugali."

"Mama, nitakula baadaye."

"Songa, Damari. Wa uwele. Na mlenda uko kwenye kijungu kile kidogo, ule mkavu. Usitie chumvi nyingi."

Nilisonga. Nilileta sinia nikaliweka mbali kidogo naye, kwa aibu, akalivuta kwa vidole vyake mpaka likawa kati yetu kama zamani. Harufu ya uwele mpya ilipanda. Alifumba macho akaivuta, kisha akayafumbua.

"Kula nikuone," alisema.

Nilikata tonge, nikalichovya, nikalitia mdomoni. Nililitafuna muda mrefu kwa sababu sikuweza kulimeza, na safari hii haikuwa ugonjwa. Mama hakuniharakisha. Alikuwa ananitazama kooni, si usoni, kwa makini, kama alivyokuwa akitazama mbegu zikishuka kwenye mashimo. Nikameza. Tonge likashuka, lote, bila kusimama popote.

"Lingine," alisema.

Nikala lingine, na lingine tena. Na nilipomwangalia niliona kwamba kila nilipomeza, koo lake nalo lilipanda na kushuka, pamoja na langu, likimeza mate matupu.